Sahihi ya Mbak Wuri

Mimi ni mtu wa kuchokonoa, wenzangu wote wanalijua hilo. Nikikagua msimbo wa kompyuta ulioandikwa na mtu huwa natafuta kasoro kama mama mkwe anayeonja mchuzi wa mkamwana. Kwa hiyo msinihurumie kwa haya ninayoyasimulia.

Hapa Bandung, Indonesia, tulikuwa Wajava wawili tunaoitunza Slarak, mimi na Mbak Wuri; "mbak" kwetu ni dada mkubwa. Slarak ni maktaba ya msimbo: watengenezaji wa programu huichomeka ndani ya kazi zao ili ujumbe upite mtandaoni ukiwa umefungwa, asiusome mpita njia. Kanuni yetu ilikuwa moja tu. Badiliko akiliandika huyu, yule alisome na kulitia sahihi kwa ufunguo wake wa siri, ndipo liingie. Mbak Wuri ndiye aliyeitunga kanuni hiyo, na ndiye aliyenifundisha kazi.

Mwaka jana, Ramadhani ikiwa ukingoni, mama yake alilazwa hospitalini. Mbak Wuri akanipa nakala ya ufunguo wake kwenye flashi.

"Toleo jipya nimeshalisoma lote," aliniambia. "Litie sahihi yangu. Kingine usiguse, Danang."

"Mbak, mimi tena wa kuambiwa hivyo?"

"Wewe hasa. Nakujua ulivyo na papara."

Treni ya kwenda kwetu Solo ilikuwa inaondoka saa nane mchana, na tiketi nilikuwa nimeipata kwa mbinde. Saa sita na nusu jaribio moja la kulipima toleo likagoma. Kuna sehemu ya Slarak inayohakiki cheti, yaani inayouliza, "Wewe unayejibu, kweli ndiye?" Sehemu hiyo ilikuwa inakikataa cheti chetu cha majaribio kwa kuwa muda wake ulikuwa umepita. Dawa ilikuwa kutengeneza cheti kipya, kazi ya saa nzima. Mimi nikauzima uhakiki wenyewe kwa mstari mmoja, nikijiambia nitaurudisha baada ya Idi. Nikauandika kwa jina langu, nikautia sahihi kwa jina la Mbak Wuri. Treni niliiwahi. Mstari nikausahau.

Baada ya miezi saba ukweli ukatoka. Kulikuwa na programu ya kuwashauri wanawake wanaopigwa na waume zao, na ndani yake imo Slarak. Mume mmoja mjuzi wa kompyuta alijiweka katikati ya njia kwenye intaneti ya nyumbani kwake, akajifanya ndiye mshauri, akasoma kila alichoandika mkewe. Yule mama aliokolewa na majirani akiwa anapigwa. Bado namwota, na sijawahi hata kumwona.

Watu wakafungua kumbukumbu za msimbo: mwandishi Danang, mkaguzi Wuri. Kumbe mwandishi husamehewa haraka. "Kila mtu hukosea," waliandika, "ndiyo maana kuna mkaguzi. Huyu alikuwa amelala?"

Mbak Wuri akanipigia simu. "Danang, ule ufunguo uliutumia kwa lile toleo tu, sivyo?"

"Lile tu, Mbak."

Ulimi hauna mfupa.

"Basi ni mimi," akasema taratibu. "Labda nilisaini kwenye simu, pale kwenye korido ya hospitali. Sikumbuki kabisa."

Akajiuzulu wiki hiyohiyo. Mimi nikabaki mtunzaji pekee, nikipongezwa kwa uvumilivu wangu.

Idi ya mwaka huu sikwenda Solo. Siku ya pili nilikwenda kwa Mbak Wuri kumwomba radhi, kama tunavyoombana wote, kuanzia mjomba mpaka mlinzi wa maegesho, huku mdomo umejaa biskuti. Nilikusudia kujificha ndani ya maneno hayo. Ndiyo, nilikusudia.

Nikainama mlangoni, viganja pamoja. "Mbak, nisamehe ya dhahiri na ya batini."

"Nimekusamehe, mdogo wangu. Na mimi unisamehe kwa lile la Slarak. Nilikuchafulia kazi."

Nilitamani sakafu inimeze. Mama yake, mzima sasa, akanisukumia sahani ya ketupat, wali wa Idi uliopikwa ndani ya majani ya mnazi. "Kula, umekonda! Huna mke wa kukupikia?"

Mezani palikuwa na karatasi. Juu kabisa ulichapwa mstari wangu, na chini yake orodha ya saa zilizoandikwa kwa kalamu.

"Hizi za nini, Mbak?"

"Natafuta nilisainije saa ile iliyomo kwenye kumbukumbu za msimbo. Daktari alipita saa ngapi, mama alikunywa dawa saa ngapi. Kila saa naikumbuka isipokuwa hiyo." Akazipanga upya. "Siku hizi sikagui kazi ya mtu yeyote, Danang. Macho yangu siyaamini tena."

Hapo sikuweza tena. "Hukusaini, Mbak. Nilisaini mimi. Nilikuwa nawahi treni."

Mama yake aliacha kutafuna. Mbak Wuri aliziweka chini zile karatasi.

"Na nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza. Nisamehe, Mbak."

"Ule msamaha wa mlangoni nimeuchukua. Ule ni wa Idi, kila mtu anapewa. Wako bado."

Nikafungua kompyuta yangu palepale nikawaandikia watumiaji wote wa Slarak. Nilipokuwa karibu kuituma barua, akavuta kiti.

"Ngoja kwanza."

Nilidhani amenihurumia, na aibu yangu ni kwamba nilifurahi.

"Hii nitaikagua mwenyewe," akasema.

Akasoma neno kwa neno, kidole kwenye skrini. Palipoandikwa kwamba alinipa ufunguo wake, aliongeza kwa mkono wake kwamba hakupaswa kunipa. Kisha akafika nilipoandika kuwa niliutumia kwa dharura.

"Dharura gani?"

Nikafuta. Nikaandika: ili niwahi treni. Akaisoma mara mbili, akaitikia kwa kichwa, akashuka kwenye mstari uliofuata.