Minofu ya Mbuta

Siku ya nne hiyo, Rispah hajatia kitu kinywani. Alilala chumbani kwa mwanawe Benard, mtaani Mbaraki karibu na bandari, uso ameuelekeza ukutani. Benard alikuwa amemtoa Nyanza mwezi uliopita, mwaka wa tisini na saba, homa imemwacha hoi na kijijini hakuna wa kumwangalia. Daktari alisema homa imekwisha, sasa ni kula tu. Kula ndiko kulikomshinda.

Jirani yao, Mbodze, alileta samaki changu wa kupaka, tui limekolea. Rispah aliinusa sahani, akaisukuma.

"Nazi inanitia kichefuchefu. Niletee mbuta wa kwetu ziwani, mwanangu. Kipande tu."

Benard alijua mbuta walipo. Kazi yake ilikuwa kuangalia makontena ya friji katika yadi moja ya Shimanzi, na moja lilijaa minofu ya mbuta, likingoja meli ya Ulaya. Tangu kiwanda cha minofu kijengwe ufukweni kwao, malori ya barafu yalizoa nyama yote. Rispah, aliyeuza samaki miaka thelathini, alibaki kununua vichwa na mifupa iliyokwanguliwa.

Benard alimwendea Ngowa, wakala wa mzigo ule.

"Bwana Ngowa, ni mamangu. Kipande kimoja."

"Nikivunja sili ya mlango, mzigo wote utakataliwa. Nami nina watoto, Benard. Usinitie mtegoni, tafadhali."

Jumamosi umeme ukakatika na jenereta ya yadi ikagoma. Benard alipambana nayo siku mbili, mikono imemchubuka, hakulala. Haikuwaka. Jumatatu mkaguzi alivunja sili, na uvundo ukawarudisha wote nyuma. Amri ikatoka: mzigo ukamwagwe.

Wapagazi walifunga vitambaa puani. Benard aliingia bila kitambaa. Alirarua katoni baada ya katoni akielekea katikati, akitafuta kipande kimoja ambacho bado kina barafu. Kila alichoshika kilibonyea. Ngowa akaja kumshika bega.

"Basi, ndugu yangu. Hawa watamuua mamako."

Benard alirudi nyumbani jioni. Hata kabla hajaufunga mlango, harufu ya samaki ilimfikia Rispah; akageuka, akajiinua kwa kiwiko.

"Umempata!"

Benard alisimama palepale, shati limemganda mwilini.

"Wameoza, mama."

"Wote?"

"Kontena zima."

"Kijiji kizima kingekula," Rispah akasema, kisha akajilaza na kugeukia ukuta.

Mbodze alileta uji wa mtama usio na nazi. Benard alipiga magoti, akapeleka kijiko mdomoni mwa mamake. Uji ukatiririka kidevuni. Akaufuta, akachota tena.

"Mama, nakuomba. Meza tu."

Alimlisha hivyo Jumanne kutwa, na uji wote ukaishia kwenye khanga. Jumatano adhuhuri, sufuria ikiwa bado jikoni, Mbodze alimwita kwa sauti ya chini aje amfumbe mamake macho.