Ushahidi wa Mama Jaji

Maji ya kunawa uso asubuhi ile yalitoka kwenye mabomba ya ufukweni, yale ya kuogea watalii wakitoka baharini. Coletha aliyapandisha kwa ndoo hadi ghorofa ya saba, kwa ngazi, kwa sababu lifti ilikuwa imezimwa tangu Pasaka, na maji ya jumba zima yalikatwa muda mfupi baadaye. Goreth Ninahazwe aliinama juu ya beseni, akanawa kwa uangalifu asimwage tone, kisha akavaa suti nyeusi aliyoazimwa na mama mmoja wa kanisani. Ilimbana mabegani.

"Mama Jaji, usiende kortini," Coletha alisema, amesimama mlangoni na ndoo tupu. "Ile watu iko na nguvu sana. Na permi yako ya kukaa hapa ilikwisha."

"Nilikwenda kuihuisha. Walifunga dirisha nikiwa kwenye foleni."

"Hawatauliza kama ulikwenda."

"Gustave alikuwa mume wako, Coletha."

"Na watoto ni wangu pia! Hartley amesema nikinyamaza, tutabaki kwenye chumba. Gustave amekufa, Mama. Mimi niko na watoto wa kulaza mahali."

Goreth alishuka ngazi akijishikilia ukutani. Maneno kama hayo alishawahi kuambiwa, kwa sauti laini zaidi.

Wakati ule alikuwa jaji. Alianza kama hakimu kijana mkoani Ngozi, Burundi, mwanamke pekee katika mahakama isiyokuwa hata na choo cha wanawake. Mawakili walimwita binti, mpaka walipoanza kushindwa kesi mbele yake. Alipanda polepole, huku wanaume aliowafundisha kazi wakimpita, hadi mwishowe akakalia kiti cha kati katika mahakama ya rufani, Bujumbura. Hapo ikamfikia rufaa ya kanali mmoja aliyempiga risasi mkulima kwa ajili ya shamba la kahawa.

"Mheshimiwa, watoto wanaendelea vizuri na masomo?" sauti iliuliza kwenye simu, siku moja kabla ya hukumu.

Aliisoma hukumu kama alivyoiandika. Juma halikuisha, bomu la mkono likarushwa sebuleni kwake. Anatole, mumewe, alikuwa anasikiliza redio. Watoto walikuwa kwa shangazi yao Kigoma, na huko wamebaki. Yeye aliingia Durban, Afrika Kusini, mwaka wa Kombe la Dunia, mji mzima ukipuliza vuvuzela, akapata kazi ya kupiga pasi mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli. Wapangaji wa jumba lake, mtaa wa South Beach, wakamwita Mama Jaji, wengine kwa heshima, wengine kwa utani.

Sasa ilikuwa mwaka 2013. Hartley, msimamizi wa jumba, alitaka wakimbizi watoke ili vyumba vipakwe rangi na kupangishwa kwa watu wengine. Lifti na maji havikuwatoa, akaleta walinzi. Gustave, fundi viatu, akasimama mlangoni kwake akakataa kuhama. "Mshusheni," Hartley alisema, na walinzi wakamrusha juu ya ukuta wa ngazi. Wapangaji kadhaa waliona. Wote wamehama, isipokuwa Goreth.

Mahakamani alitoa ushahidi kwa Kiswahili. Mkalimani alikuwa Josiah, Mkenya aliyekuwa akisoma chuo kikuu, kijana mwenye sauti ya adabu. Mwendesha mashtaka alipomaliza kumwongoza, wakili wa Hartley, Bwana Whitby, akainuka akifunga kifungo cha koti.

"Unafanya kazi gani, bibi?"

"Napiga pasi mashuka hotelini."

"Na kabla ya hapo?"

"Nilikuwa jaji wa mahakama ya rufani."

Josiah alisita, akamtazama, kisha akatafsiri. Nyuma kule watu walicheka. Hartley alitabasamu akiangalia viatu vyake. Hakimu hakuwakemea waliocheka.

"Jaji," Whitby alirudia. "Basi utajua kwamba mtu anaweza kusema 'mshusheni' akimaanisha 'mteremsheni kwa ngazi'."

"Anaweza. Lakini aliyemaanisha hivyo angeshtuka mtu alipoanguka. Huyu aliagiza ndoo ya maji ya kuoshea sakafu."

Kicheko kikakatika. Hakimu aliandika, akapigia mstari alichoandika. Goreth aliiona kalamu ile ikienda na kurudi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akapumua hadi chini kabisa ya kifua.

Whitby naye aliiona.

"Kibali chako cha kukaa nchini kiko hai?"

Mwendesha mashtaka aliruka. "Napinga! Swali hilo halihusiani na kifo cha marehemu."

"Linahusu uaminifu wake, Mheshimiwa."

"Ajibu," hakimu alisema.

"Kimepita muda wake," Goreth alijibu. "Nilikwenda kukihuisha, wakaniambia nirudi."

Josiah alitafsiri yote. Hakimu alikuwa ameacha kuandika kwenye "kimepita".

"Nina maswali mengine mengi," Whitby alisema, "labda tuendelee baada ya chakula." Alitoka na simu sikioni.

Goreth na Josiah hawakufika hata kwenye geti. Maofisa wawili wa uhamiaji walikuwa wakingoja kwenye ngazi za nje.

"Goreth Ninahazwe? Permit."

"Huyu ni shahidi," Josiah alisema. "Bado anahojiwa. Hakimu anamsubiri."

"Na wewe ni nani? Pasipoti yako iko wapi?"

"Iko hosteli."

"Basi kaa pale, tupige simu chuoni kwako."

Josiah alikwenda kukaa pale.

Walimteremsha Goreth kwenye mahabusu za chini ya jengo lilelile, angojee gari. Wanawake wawili walimsogezea nafasi kwenye benchi la saruji. Mbele ya nondo kulikuwa na ngazi nyembamba zilizopanda moja kwa moja hadi kizimbani, na mlango wa juu ulikuwa wazi. Alikisikia kikohozi cha hakimu akirudi kitini. Kisha sauti ya karani, koridoni kule nje, ikivuta herufi ovyo:

"Goreth Ninahazwe! Goreth Ninahazwe!"

"Nipo!" aliita. "Nipo huku chini!"

Juu, mwendesha mashtaka alikuwa anaomba muda. Whitby alisema mteja wake amevumilia vya kutosha. Hakimu alisema kesi hii imeshaahirishwa mno, na kama shahidi ameamua kuondoka zake, mahakama haiwezi kumbembeleza.

"Mheshimiwa, samahani," ilikuwa sauti ya Josiah, kumbe wamemwachia, akihema. "Yule mama..."

"Mkalimani, kazi yako ni kutafsiri. Unamwona mtu anayezungumza hapa?"

Kiti kilikwaruza sakafu; Josiah aliketi.

Goreth alishika nondo kwa mikono yote miwili. Aliita kwa Kiswahili, akaita kwa Kifaransa, akaita kwa Kirundi, kisha kwa Kiingereza chake kidogo, I am here, I am here, mpaka sauti ikapasuka na mshono wa suti ukafumuka begani.

Askari wa mahabusu aliweka chini sahani yake ya chakula. Alipanda zile ngazi bila haraka, akaufunga mlango wa juu, akashuka.

"Eish, gogo, bibi yangu, punguza kelele," alimwambia, wala hakuwa na ukali. "Juu kuna korti."