Mia Ishirini kwa Themanini

Foleni ya kupimwa presha ilianzia mlangoni mwa kantini na kupita kando ya masufuria ya wali. Wanawake wa laini ya nne ya ushonaji walikuwa wamekwisha kukunja mikono ya sare zao, maana dakika za kupimwa zilikatwa kwenye mapumziko ya chakula. Nenita, aliyekuwa nyuma ya Minda, alitafuna samaki mkavu akiwa amesimama.

"Leo usianze, Minda. Nina njaa."

"Kula, dada. Mimi nataka namba yangu tu."

Luzviminda Dimaano, yaani Minda, alikuwa ameshona kola za mashati katika kiwanda hicho cha nguo mkoani Cavite kwa miaka sita. Mwaka juzi, kabla hajashika mimba, mashine ya presha ilipiga kelele mkononi mwake. Nesi Fe wa zahanati ya kiwanda akacheka. "Hasira hizo. Mumeo kakuudhi?" Akaandika 120 kwa 80. Mimba ilipofika miezi saba, Minda alivimba uso, akaanza kuona vimulimuli, akapasuliwa mbiombio. Binti njiti, kilo moja na robo. Walimpa jina Ligaya, akaishi siku tisa.

Sasa yeye na mumewe walitaka kujaribu tena. Daktari wa kituo cha afya cha mtaani alimwambia huenda presha ilikuwapo kabla ya mimba, na kama ilikuwapo, itibiwe kwanza, mimba ifuate. Akaomba vipimo vya kazini. Minda alimpelekea vya miaka yote sita: 120 kwa 80, 120 kwa 80. Daktari aliyatazama makaratasi, kisha akamtazama yeye.

"Huyu aliyeandikwa hapa ni mzima. Wewe ni nani?"

Alitaka aje kupimwa kila Jumanne kwa mwezi mzima. Lakini kiwandani, ambaye karatasi inasema ni mzima hapewi ruhusa ya kwenda kwa daktari.

Zamu yake ilifika. Nesi Fe alimfunga mkanda bila kumtazama. Daftari lilikuwa wazi mezani: majina arobaini na sita, yote 120 kwa 80, hata ya ambao bado walikuwa kwenye foleni. Wino ulikuwa umekauka.

Mashine ililia. Nesi akaigeuzia upande wake. Minda akaigeuza tena.

"Mia hamsini na mbili kwa tisini na nane," alisoma, kwa sauti ya muuza samaki.

"Punguza sauti."

"Andika, nesi."

"Nikiandika hiyo nikupe ruhusa, na wenzako kumi wafuate, mashati ya Ijumaa nishone mimi?"

"Cherehani ipo. Nitakufundisha."

Foleni ikacheka. Kicheko kikamleta msimamizi, Bwana Quiambao, na kijiti cha meno mdomoni.

"Nani anapandisha presha hapa?"

"Mimi. Na imepanda kweli."

"Mwanamke wa hasira hivi si abaki nyumbani alee mtoto?" Akatoa kijiti. "Ah, nimesahau. Huna."

Nenita aliacha kutafuna.  Mkono wa Minda ulikuwa bado kwenye mkanda.

Quiambao alivuta fomu ya onyo akaandika huku akisoma. "Alivuruga upimaji, akatangaza mbele ya wenzake kwamba mashine imeonyesha... ulisema ngapi?"

"Mia hamsini na mbili kwa tisini na nane."

Akaandika. Tarehe, saa, sahihi. Akamsukumia Nesi Fe asaini kama shahidi. Nesi aliisoma fomu, kalamu ikasimama hewani. Alimtazama Minda kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha akasaini, akapiga na mhuri wa zahanati.

"Siku tatu nje, bila malipo," alisema Quiambao. "Kuanzia kesho, Jumanne."

Minda alisaini taratibu, akachana nakala ya mfanyakazi, yenye namba yake na mhuri, akaikunja mara nne na kuitia kifuani.

Nyuma yake Nenita alijifuta vidole kwenye aproni, akaketi, akaunyoosha mkono mezani.

"Nisomee kwa sauti, nesi," alisema. "Njaa imeniisha."