Ng'ombe Wasio na Banda

Tangu Jumapili maneno ya jirani yangu Mama Anaeli hayakunitoka: eti ile picha ya kuchorwa kwa rangi, ya ng'ombe wa Denmaki, waliyoitundika kituo cha maziwa hapa Machame inachukua watoto wanaoisogelea. Nilimcheka. Usiku wa jana nikaota.

Niko kituoni na ndoo yangu ya maziwa. Binti yangu Aisaria simwoni. Natazama ukutani, yuko ndani ya picha, amekaa majanini, ng'ombe wekundu wamemzunguka. Naingia. Hakuna mlango, unaingia tu.

Ng'ombe mmoja ananitazama. Ni mzee, namwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja na mundu?"

"Ninao. Banda lenu liko wapi?"

"Hatuna. Tunazurura."

Nashtuka mwili mzima. Ng'ombe azurure kama hana mwenyewe? Kwetu ng'ombe anakaa bandani, sisi ndio tunamfuata na majani kichwani. Mikono inaanza kukata yenyewe. Majani yanakatika laini kama samli, na chini yake hakuna udongo. Kuna kitambaa cheupe, kile kilichochorewa picha.

"Mama, unakata nilipokalia," anasema Aisaria.

Kweli, amebakiwa na majani kiasi cha sinia.

Namkimbilia. Kila nikimkaribia anavurugika: pua inakuwa doa, gauni linakuwa madoa, macho sijui yamekwenda wapi. Nanyoosha mkono, nashika rangi.

"Rudi nyuma," anasema ng'ombe. "Humu watu wanaonekana kwa mbali."

"Mimi ni mama yake."

"Na mimi ndama wangu huyu hapa ubavuni. Uso wake sijawahi kuuona."

Narudi kinyumenyume huku nalia. Aisaria anapata pua. Anapata macho. Anainuka, ananifuata, na mimi simshiki, japo mikono inaniwasha. Kisigino changu kikagonga ndoo, nikaanguka, nikaamka.

Aisaria alikuwa amelala kitandani kwake. Nilisimama mlangoni, sikumsogelea. Unyayo wake mmoja ulikuwa na rangi ya kijani, bado mbichi.

Wenzangu wenye watoto, nawaambia:

Msimtume mtoto peke yake kituoni.

Picha ile msiisogelee, itazameni toka mlangoni.

Msiende na mundu.

Msiwakatie majani ng'ombe wasio na banda.

Na ukimwona mwanao mle ndani, usimkimbilie.