Bangili Zilizokohoa Mezani kwa Boniphace

Boniphace alikuwa anachovya andazi kwenye chai pale bangili zilipoanza kukohoa. Zilikuwa ndani ya boksi juu ya meza yake, katika ofisi moja mjini Musoma inayopanga mapambo yanayouzwa nje: ya dhahabu huku, ya fedha huku, ya mfupa na shanga kule, kisha takwimu zinapelekwa juu. Fred, wakala wa mgodi wa upande wa Butiama, aliyezileta na kusimama hapo akisubiri mhuri, alikuwa amezitaja kuwa mapambo ya kuiga, shaba iliyopakwa rangi. Boniphace aliinua moja. Ilikuwa dhahabu tupu, nzito, na ilimkoholea vumbi jekundu kwenye andazi.

Alipangusa vumbi, akaandika: ya kuiga. Dhahabu yetu huondoka hivyo, kweupe, halafu tunaambiwa mkoa ni maskini. Huo ni wizi, hata ukigongwa mhuri.

Nyangi, aliyekuwa akiuza chai hapo ofisini, aliweka chupa yake chini.

"Huyo ni mwanangu Gody," alisema. "Alikuwaga anakohoa hivyo tangu mdogo."

Hakuna aliyebisha. Fred alisema inawezekana, maana dhahabu ilitoka kwenye shimo lile lililoporomoka na kumfukia Gody, na mashine zilisaga kila kilichokuwemo. Kwa maandishi, mgodi ulishasema shimoni hamkuwa na mtu. Nyangi alitaka jambo moja tu: iandikwe kwamba ndani ya bangili mna mtu, apewe akamzike kijijini kwao, Kiriba.

"Si mlishazika, Mama?" aliuliza Fred.

"Tulizika mgomba!"

Kwao, mtu asipopatikana, ukoo hukata shina la mgomba na kulizika badala yake, ili msiba uishe.

"Basi kaburi lipo, na mgodi unalitambua. Mtu hazikwi mara mbili."

"Na hapa tunaangaliaga material tu, Mama," alisema Boniphace. "Mtu hana kundi."

"Mfupa si unao hapo?"

"Ni wa ng'ombe huo, Mama."

"Basi andika hata dhahabu, baba."

"Nimeshaandika ya kuiga."

Nyangi alipiga meza kwa kiganja, chai ikamwagika.

"Mwanangu hakuwa wa kuiga!"

Bangili ziliacha kukohoa. Zikaanza kuita, zote kwa sauti moja ya kijana: Mama. Boniphace alifunga boksi kwa utepe wa gundi, Fred akalibeba hadi stendi.

Basi liliposimama Bunda, abiria walikuwa wameshalalamika kwamba boksi linawapigia kelele. Kondakta aliuliza ni mzigo gani. Fred akajibu ni mapambo ya kuiga, kondakta akalisukuma nyuma kabisa, miguuni pa mwanamke aliyekuwa akiitikia, "Naam, baba," kila lilipoita. Nyangi aliitikia hivyo hadi Mwanza, kwenye geti la uwanja wa ndege. Hapo mlinzi alimwambia asimame pembeni, apishe mzigo.