Mada ya Mwaka Jana

"Huyu mwizi tumfungie milango kabisa!" Suyog alisema, akiigeuza kompyuta yake ili wenzake waone. "Neno kwa neno, dada. Ni mada ileile ya mwaka jana, hata mzaha wa jenereta kauiba."

Roshani aliangua kicheko, chai ikampalia. "Jamani, kuna watu wana macho makavu! Angalau angebadilisha kichwa cha habari."

Manjila hakucheka. Walikuwa mjini Patan, katika chumba walichoazimwa juu ya duka la vitabu, wakichagua mada za kongamano la waandishi wa programu za kompyuta. Majina ya waombaji yalikuwa yamefichwa ili asipendelewe mtu. Manjila peke yake, akiwa mwenyekiti, ndiye aliyeweza kuyafunua. Alibonyeza, akasoma jina.

Mwalimu Tuladhar. Wala hakuwa mwizi. Mada ya mwaka jana, kuhusu programu zinazostahimili umeme unapokatika, aliitoa yeye mwenyewe.

Manjila alielewa maana yake, na alitamani asielewe. Huyu ndiye aliyemfundisha kazi tangu hajui hata kushika kipanya, akamsukuma jukwaani siku ya kwanza. Walipokutana sokoni majuzi, Mwalimu alimuuliza hali ya baba yake, Manjila akamjibu, kisha Mwalimu akamuuliza tena swali lilelile. Manjila akajidanganya kuwa ni uzee tu. Uzee gani, na mtu mwenyewe hata hajastaafu!

"Dada, tuendelee?" Suyog aliuliza. "Imebaki nafasi moja tu, Jumamosi baada ya chakula. Mada za wakongwe zimejaa tele, wanaoanza hawana kitu. Yupo huyu aliyetuandikia kutoka mji wa Dhangadhi, anataka kuwafundisha kusoma ujumbe wa makosa ya kompyuta bila kuogopa. Tumpe?"

Neno moja tu lingetosha, nafasi ingekuwa ya Mwalimu. Nani angembishia mwenyekiti? Lakini Manjila aliuona ukumbi: watu wakitazamana, wakinong'onezana, wengine wakishika simu kumrekodi, na Mwalimu pale juu akisubiri wacheke mzaha wa jenereta. Hapana. Hilo hangelivumilia.

"Mpeni wa Dhangadhi," alisema. "Na yule msimwite mwizi tena. Nawaombeni."

Waliokataliwa huandikiwa barua pepe. Huyu hakuweza kumwandikia. Alitoka nje hadi kwenye ngazi, akapiga simu.

"Manjila! Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, Mwalimu. Nakupigia kuhusu mada yako." Aliketi kwenye ngazi. "Hatutaweza kuichukua. Kuna mtu aliizungumzia mwaka jana."

"Ile ya umeme?" Mwalimu aliuliza. "Ajabu! Nami nikidhani hakuna aliyewahi kuiwaza. Nani huyo?"

Manjila alifunika kinywa kwa kiganja. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na uchungu wake hakuwa na wa kumgawia.

"Mzee mmoja," alisema. "Wa hapahapa Patan."

"Alieleza vizuri?"

"Vizuri mno, Mwalimu. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi."

"Basi haidhuru," Mwalimu alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa. "Siku mkimwita tena, mwanangu, usiache kuniambia. Nataka nije nimsikilize."