Utambulisho wa Mwalimu Sixbert

Mkutano wa mtaa uliitishwa saa nne asubuhi, na saa tatu na nusu watu walikuwa wameshajaa, jambo lisilo la kawaida kabisa Lizaboni. Ukiitisha mkutano wa taka wanakuja saba. Ukiitisha wa mitaro wanakuja wanne na mlevi mmoja. Siku hiyo ajenda ilikuwa Sixbert Haule, na hata wenye mahindi ya kupukuchua waliyaacha wakaja.

Kunegunda Nyoni, mwenyekiti wa mtaa, aliketi mbele na kitenge chake begani, amekunja uso. Hasira yake haikuwa ya kuigiza. Alikuwa na wajukuu wawili wa kike, na tangu Sixbert atoke gerezani wiki tatu nyuma na kufungua nyumba ya marehemu mama yake, nyumba ya nne kutoka kwake, hakuwaruhusu wajukuu wale kwenda hata bombani.

Sixbert alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika wilaya nyingine. Alimshika mwanafunzi wa darasa la nne kwa namna ambayo mtu mzima hamshiki mtoto. Mtoto akasema, hakimu akamwamini, mwalimu akafungwa miaka mitano kwa shambulio la aibu. Mitano! Watu wa Lizaboni walilitamka neno hilo kama wanatema mate. Wangekabidhiwa wao hiyo kesi, Sixbert angezeekea ndani.

Aliyeomba kusema kwanza alikuwa Dennis, afisa ustawi wa jamii, mgeni aliyehamishiwa Songea kutoka Singida mwaka uliopita.

“Ndugu zangu, sheria imeshamaliza naye,” alisema. “Mimi sina karatasi ya kumlazimisha akae hapa wala aende kule. Ila nawaomba abaki. Hapa mnamjua. Amekubali kuripoti kwangu kila Jumatatu. Amekubali asifundishe tena, na mtoto yeyote asikanyage uwanja wake. Akihama, sina daftari la kumfuatilia. Macho yenu ndiyo daftari.”

“Macho yetu yana kazi nyingine!” alidakia mama mmoja.

“We afisa,” aliuliza Selestine, fundi baiskeli, akiinuka taratibu, “una watoto?”

“Ninao wawili.”

“Wako wapi?”

“Singida, na mama yao.”

“Basi mpeleke Singida.”

Watu walilipuka kwa kicheko, na kicheko chenyewe hakikuwa na furaha hata chembe. Sixbert alisimama pembeni, mikono nyuma, namna alivyozoeshwa gerezani. Hakuna aliyemuuliza kitu. Ilipoitishwa kura mikono yote ilikwenda juu, na Kunegunda akampa siku saba awe ameondoka.

Sasa tusidanganyane. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kumfukuza mtu kwenye nyumba ya mama yake, na Kunegunda alilijua hilo vizuri kuliko wote waliokuwa pale. Lakini wanawake walimkumbatia, wakamwita mwenyekiti wa kweli, wakamsindikiza kwa vigelegele hadi nyumbani. Alijisikia vizuri sana. Usiku huo wajukuu zake walikula wali na kuku.

Siku ya tano Sixbert alikuja ofisi ya mtaa.

“Shikamoo, mama.”

Kunegunda hakuitikia. Mwanamke huyu aliyelelewa na masista, ambaye huitikia hata shikamoo ya mlevi, aliiacha ile ipite kama hakuisikia.

“Nimepata chumba Mshangano,” Sixbert alisema. “Mwenyekiti wa kule anataka barua ya utambulisho kutoka kwako.”

Ni hilo tu? Kunegunda alivuta karatasi yenye mistari kwa furaha ambayo hakujisumbua kuificha. Maneno ya barua hizo aliyajua kwa moyo, alikuwa ameyaandika kwa mamia ya watu, wengine hata hakuwajua sura. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninamtambulisha kwako Mwalimu Sixbert Haule, mkazi wa mtaa wangu. Ni mtu mwenye tabia njema na sina shaka naye.

Sixbert alikuwa akiisoma kutoka upande wa pili wa meza.

“Mama, hapo penye tabia njema.”

“Pana nini?”

“Usiandike hivyo. Na hilo la mwalimu pia. Afisa alisema nikihama niandikiwe kwamba nimetoka gerezani, ili wanijue. Mimi najijua, mama.”

Mtu akikwambia hivyo, unaweka kalamu chini. Unamwita Dennis, unamwita padri, unamwita yeyote. Kunegunda alihisi kinyaa tu, kinyaa cha kutaka kunawa mikono.

“Nikiandika gerezani nani atakupokea? Si watakurudisha hapa hapa? Chukua, uende.”

Akapiga muhuri. Sixbert aliikunja barua akaitia mfukoni. Angeweza kuichana njiani na hakuichana, na hilo nalo tusimsamehe.

Wiki sita zilipita, Lizaboni ikarudia kulumbana kuhusu mitaro. Alasiri moja Dennis akasimamisha pikipiki yake nje ya ofisi ya mtaa.

“Mama Mwenyekiti, shikamoo. Sixbert ameacha kuripoti, Jumatatu ya tatu sasa. Nyumba imefungwa. Yuko wapi?”

“Kwani mimi ndiye niliyemzaa?”

“Yuko wapi, mama?”

“Mshangano.”

“Wamempokeaje bila barua?”

Kunegunda alipanga faili ambazo zilikuwa zimeshapangwa. “Nilimwandikia ile ya kawaida,” alisema mwishowe.

Dennis alimnyooshea kofia ya pikipiki. “Panda.”

Mwenyekiti wa Mshangano aliitwa Mwanaisha, mwanamke mchangamfu, na aliwapokea kwa mikono miwili. “Karibuni jamani! Mama Nyoni, umekuja kumwona mwalimu wako? Ametusaidia sana. Mwenyewe alikataa kufundisha, akasema amechoka na chaki. Tukamwambia mwalimu mwenye sifa hizi hawezi kutunyima, tukambembeleza mpaka akakubali.”

Aliwaonyesha kwa kidole. Kwenye baraza ya nyumba ya jirani palikuwa na ubao, watoto kumi na mmoja kwenye mkeka, na Sixbert ameshika chaki. Alipomwona Dennis aliiweka chini. Dennis alikwenda moja kwa moja, akawaambia watoto waende kwao, akamwingiza Sixbert ndani na kusimama mlangoni akipiga simu dawati la jinsia polisi.

“Kuna nini?” Mwanaisha aliuliza, uso umeanza kubadilika.

Kunegunda alitamani Dennis arudi aseme yeye. Dennis hakurudi.

“Alifungwa,” alisema.

“Kwa kosa gani?”

“La mtoto.”

Mwanaisha aliingia ofisini kwake akatoka na faili, akatoa ile karatasi yenye mistari. Kina mama waliokuwa wanatoka shambani, waliokuta watoto wao wanarudi mapema, walianza kusogea mmoja mmoja.

“Isome,” Mwanaisha alisema. “Kwa sauti, wasikie wenzangu.”

Kunegunda aliisoma. Mwandiko wake mwenyewe ulimshinda, akakwama kwenye jina, akakwama tena kwenye tabia njema, na walimsubiri mpaka akamaliza.

“Ulijua wakati unaandika?”

“Nilijua.”

“Ukatuletea.”

“Nina wajukuu,” alisema Kunegunda, na aliposikia sauti yake ikilitoa neno hilo mbele za watu, aliona aibu ambayo hakuwahi kuijua.

“Na hawa ni mawe?” aliuliza mwanamke mmoja nyuma. Mwingine alimwita mchawi. Mwingine alimtemea mate, yakatua kwenye kitenge, naye hakuyafuta. Alitaka wampige, ingekuwa rahisi zaidi.

Kisha walimpisha mama mmoja aliyeitwa Sabra, jembe begani, amemshika mkono binti wa miaka tisa. Binti alikuwa amegeuza uso asiitazame baraza ile. Miguuni mwake mlikuwa na alama za fimbo, nyingine mpya.

“Wiki ya pili huyu hataki kuja tuisheni,” Sabra alisema polepole. “Analia, anajificha kwenye mahindi. Nikimuuliza, hasemi. Nikamwambia acha uvivu, mwalimu huyu ana barua ya serikali.”

Alimtazama Kunegunda usoni.

“Nilimchapa, mama. Nilimchapa kila siku, nikamfikisha kwake mimi mwenyewe.”